Ng'ombe Waliogeuka Vipande

Mume wangu aliniachia ng'ombe ambao hawakuwahi kukanyaga uani kwetu. Walikaa Iramba, katika kijiji cha mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kiomboi, kwa rafiki yake. Sisi tulikaa Singida Mjini, nyumba ya vyumba viwili upande wa ziwa Kindai. Nimejaribu mara tatu kuanza habari hii na fedha, na kila mara nikaona nadanganya. Acha nianze na ng'ombe.

Kwetu jambo hili si la ajabu, lakini huenda atasoma mtu wa kwingine. Mwenye ng'ombe hawaweki wote mahali pamoja. Ugonjwa ukiingia, au ndugu wakianza kuwakodolea macho, isiwe mali yote iko zizi moja. Anawapeleka kwa rafiki anayemwamini. Rafiki anakamua maziwa, analimia, anachukua samadi. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akifa, rafiki analeta ngozi. Karatasi hakuna, ngozi ndiyo ushahidi. Na mwenye ng'ombe naye ana wajibu wake. Mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno na kabla ya kupanda, anakwenda kuwaona, na haendi mikono mitupu. Anabeba chumvi, ya watu na ya ng'ombe.

Mume wangu alifariki mwaka uleule tuliopunguzwa kazini. Tulikuwa wote wawili kwenye shirika moja la umma, yeye mlinzi wa ghala, mimi mpishi wa kantini. Shirika likauzwa, na mnunuzi akasema hahitaji kantini. Sisemi alikosea. Kantini ile ilikuwa ya hasara, mimi ndiye niliyekuwa napima mchele, najua. Kiinua mgongo chetu kiliishia kwenye matibabu yake. Mtoto Mungu hakutujalia. Ndugu zake walipokuja kuanua matanga walichukua baiskeli, cherehani na mabati yaliyokuwa yamebaki. Nyumba waliniachia, nami nawashukuru kwa hilo, maana wangeweza kuitaka. Habari za ng'ombe hawakuziuliza kwa sababu hawakujua kama wapo.

Basi nikawa naenda mimi. Basi la asubuhi mpaka Kiomboi, kisha miguu, na kilo tano za chumvi kichwani. Wenyeji wangu wale ni Wanyiramba na mimi Mnyaturu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, na wao wakitaka kunisema waligeukia lugha yao. Nilikuwa naelewa nusu na nilicheka yote. Yule rafiki aliniita shemeji. Mkewe aliniita mke mwenza, kwa utani, kwa kuwa waume zetu walikuwa kama ndugu.

"Mke mwenza, umechelewa! Tulishasema umeolewa."

"Na nani? Wote siku hizi wanataka mwanamke mwenye meno."

"Wewe si una ng'ombe? Nani atakufungua mdomo kuhesabu meno?"

"Hebu mwache shemeji anywe maji kwanza," mumewe alikuwa akisema, naye anacheka chini chini.

Nililala pale siku mbili kila safari. Kuku alichinjwa, na sikuruhusiwa kuingia jikoni siku ya kwanza; siku ya pili nilipewa jembe au mchi kama mtu wa nyumbani. Mjini nilikuwa nauza maandazi asubuhi, na ikifika saa nne biashara imekwisha, hapakuwa na mtu wa kuniuliza nimekula nini. Kule, mwaka mzima, kulikuwa na siku nne ambazo watu walitoka mpaka njiani kunitazamia. Nyumba ya namna hiyo nilikuwa nayo moja tu. Wakati ule sikulijua hilo. Nililijua nilipokuwa nimekwisha kuichezea nyumba hiyo.

Mwaka mmoja mvua iligoma. Ng'ombe wangu walikuwa wamefika saba. Siku hiyo niko uani naosha sufuria, nikaona shemeji anaingia na kiroba begani. Nikamwamkia, nikamkaribisha chai. Akakifungua kiroba, akatoa ngozi.

"Yule mkubwa," alisema. "Malisho hakuna kabisa, shemeji. Alilala asubuhi akashindwa kuinuka."

Nilipaswa kusema pole. Ni pole ndiyo inayosemwa. Mimi nikaikunjua ngozi juu ya mkeka, nikaigeuza, nikaigeuza tena, mbele yake.

"Unatafuta nini?"

"Alikuwa na doa jeupe ubavuni."

Aliweka kikombe chini. "Mwenye doa alikufa marehemu akiwa hai," alisema. "Ngozi yake mliikalia humu ndani."

Sikukumbuka. Hata leo sikumbuki, na nimejaribu sana. Inawezekana alisema kweli. Naona alisema kweli, maana mtu mwongo angekuja na maneno mengi. Alimaliza chai yake, akasema anawahi basi la mchana, akaondoka. Ngozi ikabaki mkekani na mimi nikabaki naitazama.

Wiki chache baadaye gari la matangazo lilipita mtaani likiita watu kwenye ukumbi wa halmashauri. Kuna elimu ya uwekezaji, linasema, na soda bure. Nitakuwa mwongo nikisema nilifuata elimu.

Aliyefundisha alikuwa dada mmoja mdogo, amevaa fulana yenye maandishi, sauti yake imekauka kama ya mwalimu. Kwanza alieleza hisa. Kampuni ikitaka mtaji, alisema, inajigawa sehemu ndogo ndogo, na mtu wa kawaida anaweza kununua sehemu yake. Akitaka kuuza, liko soko la hisa Dar es Salaam, mawakala wanapeleka bei za wauzaji na bei za wanunuzi, zikikutana biashara imefanyika.

"Ni mnada tu huo," mzee mmoja mfanyabiashara wa nafaka akasema.

"Ni kama mnada, baba. Ila hauna vumbi."

"Na ng'ombe mwenyewe haonekani!" mwingine akadakia, ukumbi ukacheka.

Mimi pale ndipo nilipoelewa. Nimekulia Ihanja, na mnada naujua. Ng'ombe anafika asubuhi ana bei yake. Malori ya wanunuzi yakichelewa, saa sita bei imeanguka. Yakija manne kwa mpigo, imepanda. Ng'ombe ni yuleyule, hajakonda wala kunenepa. Kilichobadilika ni watu. Nikaona soko la hisa si la kwangu, kwa sababu siku nitakayohitaji fedha inaweza kuwa ndiyo siku malori hayajafika.

Dada akasema wapo wanaoogopa hilo, na kwa ajili yao upo mfuko wa muda mfupi. Fedha ndogo za watu wengi zinakusanywa pamoja. Msimamizi wa mfuko anaikopesha serikali kwa miezi michache, au anaziweka benki kwa muda uliopangwa, na muda ukifika zinarudi na faida. Faida yenyewe ni ndogo. Kila mtu anahesabiwa vipande vyake, na kipande kina thamani inayotangazwa. Ukitaka fedha, unauza vipande, na baada ya siku chache unapata. "Hatari ni ndogo," alisema. "Sikusema haipo." Nilimpenda kwa neno hilo.

Nikanyoosha mkono. "Huyo anayezichunga anakunywa nini?"

Ukumbi ulicheka tena, na dada naye akacheka, lakini alinijibu vizuri. "Anakata ada kidogo kila mwaka, mama. Hayo ndiyo maziwa yake."

"Na akija kusema zimekufa?"

"Hakai nazo yeye. Mali ya mfuko inashikwa na benki nyingine. Anayechunga siye mwenye zizi."

Niliona kama dada yule alikuwa amesimama uani kwangu siku ile nageuza ngozi. Nilirudi nyumbani nimeamua. Moyoni nilijiambia ni kwa sababu ya ukame, na magoti yangu, na nauli. Sababu hizo zilikuwepo kweli. Lakini zilikuwepo pia mwaka uliotangulia, na sikuwahi kufikiria kuuza.

Nilipokwenda Iramba kuwaambia, walinipokea vizuri. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho.

"Ng'ombe ni wako," alisema. "Tutawapeleka mnadani."

Mkewe alikuwa anachambua mlenda. "Haya, mke mwenza. Na ng'ombe wakishaondoka, huku utakuwa unakuja kufanya nini?"

"Kuwasalimu."

"Na sisi tutajuaje lini tukutazamie?"

Nilicheka nikidhani ni utani wa kawaida. Yeye hakucheka, aliendelea na mlenda wake.

Sasa nieleze kosa langu, na nilieleze vizuri, maana mtu wa kwingine hataliona. Mtu akiondoa ng'ombe wake kwa rafiki aliyemchungia miaka mingi, anamwachia zizini mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Hakuna anayemdai, ila ndivyo inavyokuwa. Mimi nililijua hilo toka utotoni. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa darasa la ukumbini. Nilifikiri: mtamba wa leo amekonda, anaweza kufa kesho, nitakuwa nimempa mzigo. Nikimpa bei yake, atanunua anayemtaka, wakati anaoutaka. Niliona hiyo ni haki zaidi. Naapa niliona hivyo.

Alihangaika yeye na kibali cha kusafirisha, akawaswaga yeye mpaka mnadani, akasimama na wanunuzi yeye, kwa kuwa mwanamke peke yake wangemlalia. Wote sita wakauzwa. Nikamvuta pembeni, nikampa bahasha.

"Hii nini?"

"Ya mtamba, shemeji. Bei ya leo, na nimeongeza kidogo."

Aliishika kama mtu aliyeshikishwa kitu cha mwenzake. "Kumbe nilikuwa mchungaji wako wa mshahara," alisema. "Sikujua. Ningekuwa naomba likizo."

Sauti yake haikuwa ya hasira. Watu walikuwa wengi karibu yetu, nadhani ndiyo maana aliipokea. Aliitia mfukoni bila kuifungua, akaniaga kwa mikono miwili.

Nikanunua vipande. Nataka kuwa mwaminifu kuhusu mfuko ule, kwa sababu najua mtu akisikia mtu mpweke anasimulia habari ya fedha, anangojea kusikia ameibiwa. Sikuibiwa. Kila walichosema kilikuwa. Thamani ilipanda taratibu kama maji yanayojaa mtungi kwa kikombe. Nilipotakiwa kufanyiwa upasuaji wa jicho, niliuza sehemu, na fedha ikafika kabla ya siku waliyoniambia. Ng'ombe ningelazimika kumuuza mzima, kwa bei ya kukimbilia hospitali. Ninaona mpaka leo kwa jicho lile, na ninayaandika haya kwa jicho lile.

Ila ulipofika wakati wa baada ya mavuno, nilijikuta dukani nimeshika pakiti za chumvi. Nikazirudisha. Mwili ulikuwa umezoea safari. Asubuhi nilikaa kwenye maandazi yangu na wateja wakaniuliza mama mbona leo umependeza, nikagundua nimevaa nguo za safari ya Iramba.

Kipindi hicho nilifanya jambo ambalo hata sasa nalionea aibu. Niliuandikia mfuko barua. Nilishukuru kwanza. Kisha nikauliza ni nani hasa anayezichunga fedha zangu, anakaa sehemu gani, na ni miezi gani inafaa mtu kwenda kumsalimu. Nilitumia kurasa mbili. Jibu lilikuja baada ya mwezi, limechapwa, linaanza na "Ndugu Mwekezaji". Lilinishukuru kwa kuwasiliana nao, likanipa idadi ya vipande vyangu, likasema kwa maelezo zaidi nifike kwa wakala aliye karibu nami. Siwezi kuwalaumu. Swali lenyewe halikuwa na mtu wa kulijibu.

Msimu wa kupanda ukapita, na mavuno mengine, na kupanda kwingine. Nilikuwa kwenye maandazi, siku ya gulio, nikasikia, "Mke mwenza, bado unawapunja watu unga?"

Alikuwa mke wa shemeji, amekuja mjini kumleta mkwe wake hospitali. Nilimpisha kwenye kigoda. Nilimpa maandazi manne na akala moja. Tukaongea habari za mvua na za watoto wake. Mimi nazunguka, nazunguka, mwisho nikauliza hali ya shemeji.

"Yupo. Bahasha yako ipo darini."

"Hajaitumia?"

"Ataitumiaje? Anasema hajui ni ya nini. Akinunulia mbuzi, watu watasema ni mbuzi wa nani?" Akanitazama. "Ungemwachia hata mwenye kilema. Hata ng'ombe wa kuchechemea, dada yangu."

Hilo la dada yangu lilinichoma, kwa sababu hakuwahi kuniita hivyo.

"Nikimletea mtamba sasa?"

"Mlete. Lakini ujue utakachosema ukifika." Akajipangusa mafuta mikononi. "Ukisema ni wake, atapokea, moyo wake utatulia, mambo yenu yatakuwa yamekwisha vizuri. Ukisema akuchungie, atakuchungia, maana hawezi kumkatalia mke wa rafiki yake. Utaanza kuja tena na chumvi yako, na mimi nitafurahi, sikufichi. Ila yeye atakuwa anachunga ng'ombe wa mtu aliyemlipa."

Nilikwenda kwa wakala kuuza vipande. Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kuandika sababu. Nilikaa napo muda mrefu mpaka karani akaniambia, "Andika matumizi binafsi, mama, wote wanaandika hivyo." Nikaandika hivyo. Siku chache baadaye nilikuwa mnadani, na nikamchagua mtamba mwekundu, miguu mizuri, tumbo la kuzaa. Nilichagua kwa kutumia macho yote mawili. Nikalipia kibali na mtu wa kumswaga, mimi nikatangulia kwa basi mpaka Kiomboi kumngojea.

Njia nzima nilikuwa najiandaa. Nisiseme uongo hapa: nilikuwa najiandaa kusema "nichungie". Nilikuwa na sababu zake zote. Kwamba nazeeka. Kwamba sina mtoto. Kwamba mtamba mmoja si mzigo. Kwamba tukizoeana tena atasahau ile bahasha, watu husahau. Sababu zote hizo zilikuwa za kwangu. Nilitafuta hata moja iliyokuwa ya kwake, mpaka tunapita korongo la mwisho kabla ya kwao, sikuipata.

Tulimkuta shemeji anatengeneza mlango wa zizi. Aliniamkia, akamwamkia mswagaji, kisha akamtazama mtamba. Akamzunguka. Akampapasa mgongoni, akamfungua mdomo, akainua mkia. Mkewe alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mzuri," shemeji alisema. "Wa nani?"

Niliwatazama. Nikatazama na kile chumba cha pembeni nilichokuwa nalazwa. Mlango wake ulikuwa wazi, ndani wameweka magunia ya alizeti.

"Wako," nikasema. "Wa miaka ile yote. Nilichelewa kumleta."

Alishika kamba kwa mikono miwili. Akaniita shemeji, akanishukuru, akamtaja marehemu kwa jina lake, jambo ambalo hakuwa amelifanya toka mazishi. Aliingia ndani akatoka na bahasha, haijafunguliwa, akanipa. Nikaipokea. Tulikula pamoja. Kuku alichinjwa. Mkewe alinitania kidogo kuhusu jicho langu, kwamba sasa naona wachumba mpaka wa Manyoni. Ilikuwa furaha ya kweli, sitaki mtu aidharau. Lakini tulipomaliza kula hakuna aliyezungumzia kulala, na mimi nikasema niwahi gari, na wao wakasema ni kweli, magari siku hizi hayaeleweki.

Walinisindikiza mpaka kwenye njia panda. "Karibu tena," mkewe alisema. Nikasema ahsante, nitakuja. Hakuuliza lini.

Ile fedha ya bahasha niliirudisha kwenye mfuko, na inaendelea vizuri. Tangu siku ile sijakwenda. Hakuna aliyenikataza, na wakiniona najua watafurahi. Huenda hata nakosea, huenda wananingoja, mimi si mtu wa kuelewa mambo haraka. Lakini mara nyingi nikiwa kwenye maandazi narudia jibu langu lile, nikilipima huku na huku, na kila mara naona lilikuwa la haki, na kila mara natamani ningekuwa nimesema lile jingine.

Siku ile nikirudi mjini, pale Kiomboi basi lilikuwa halijajaa. Nilikaa dirishani. Kondakta alipita kuchukua nauli, akaniuliza nashuka wapi.

"Mwisho wa gari," nikamwambia.